Vigingi 180: Nilivyojifunza Kuandika Insha ya Maombi ya Ufadhili

Kila mwaka, kuanzia Agosti ambapo baadhi ya wafadhili wakubwa hufungua maombi yao hadi Januari ambapo kozi nyingi za Ulaya hufunga milango, meza yangu ya hapa Chake Chake, kisiwani Pemba, hujaa insha za vijana wanaotaka kwenda nje kusoma shahada ya uzamili. Wengine ni waliokuwa wanafunzi wangu, wengine ni watoto wa jirani na jamaa, na wapo ambao sijawahi kuwaona ila wameelekezwa kwangu na mtu wa Wete au Mkoani aliyesikia kwamba niliwahi kupata nafasi hiyo. Wiki iliyopita nilisoma insha 7, na 5 kati yake zilianza kwa sentensi ile ile, isemayo kuwa tangu utotoni mwandishi alikuwa na ndoto ya kuisaidia jamii yake. Sikuwalaumu, kwa sababu na mimi niliianza insha yangu ya kwanza kwa sentensi hiyo, na najua kuwa iliandikwa na hofu. Mtu anapokaa mbele ya karatasi tupu akijua kwamba maneno mia chache yataamua kama atasoma au hatasoma, hukimbilia maneno aliyoyaona kwa wengine, akidhani kuwa yaliyozoeleka ndiyo salama.

Yale ninayowaeleza vijana hawa mmoja mmoja nimeona niyaandike hapa kwa utulivu, kwa kuwa kosa linalowaangusha wengi wetu wa Pemba ni moja, na asili yake ni malezi mema.

Nilikuwa mwalimu wa bayolojia katika skuli moja ya sekondari kaskazini mwa kisiwa nilipoomba kwa mara ya kwanza. Insha yangu ilieleza kwamba nimezaliwa katika familia ya hali ya chini, kwamba mama yangu ni mkulima wa mwani na baba alifariki tungali wadogo, kwamba skuli tuliyosomea haikuwa na maabara, na kwamba endapo ningepewa nafasi ningeshukuru maisha yangu yote. Hapakuwa na uongo hata wa neno moja. Jibu la kukataliwa lilipokuja nililia, kwa sababu niliona kama kwamba maisha yetu yamepimwa na kuonekana hayatoshi.

Ilinichukua muda kutambua kwamba nilikuwa nimeandika barua ya kuomba msaada. Sote tunazijua barua hizo, na tunajua zinavyoandikwa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani, au kwa mtu mwenye uwezo: unaeleza shida, unaonyesha kwamba umekwama, kisha unamalizia kwa dua na shukurani. Ni barua yenye heshima yake na mahali pake. Lakini mfadhili wa masomo ana swali jingine kabisa. Anataka kujua umefanya nini kwa kile kidogo ulichokuwa nacho, ili apate kukisia utafanya nini kwa kingi atakachokupa. Wapo wafadhili ambao hali ya kipato ni sehemu ya sharti lao, kama Mpango wa Wasomi wa Mastercard Foundation ulioanzishwa mwaka 2012 kwa ajili ya vijana wenye vipaji ambao familia zao hazina uwezo. Hata huko, kila aliye kwenye foleni ana shida kama yako, na shida peke yake haiwezi kumtofautisha mtu na mwenzake. Ieleze kwa sentensi moja au mbili za kweli, kisha uendelee na kazi uliyoifanya ukiwa ndani ya shida hiyo.

Mara ya pili niliondoa umasikini wote, nikaandika juu ya kazi. Nikaandika kwamba sisi walimu tulianzisha kikundi cha mazingira, kwamba sisi na wanafunzi tulipima joto la maji ya bahari, kwamba sisi na kina mama tulijadiliana namna ya kuokoa mwani. Nilikataliwa tena. Safari hii, badala ya kulia, niliipeleka insha kwa mwalimu wangu wa zamani, mzee ambaye aliwahi kukaa katika kamati ya kusoma maombi ya aina hii. Alikaa nayo siku mbili, kisha akaniita barazani kwake.

“Shikamoo Maalim.”

“Marahaba, mwanangu. Insha yako nimeisoma mara mbili. Nimewaona walimu, nimewaona wanafunzi, nimewaona na kina mama wa mwani. Wewe mwenyewe uko wapi humu?”

Nikamjibu kwamba kazi ile tuliifanya pamoja na kwamba naona haya kusema mimi, mimi.

“Daftari la vipimo alilinunua nani?”

“Mimi, Maalim.”

“Na kila Jumamosi ya bamvua, pwani alikuwa akienda nani?”

“Mimi na wanafunzi 6.”

“Basi andika hivyo hivyo ulivyoniambia. Wewe, na wanafunzi 6.”

Nimeyafikiria mazungumzo hayo mara nyingi tangu siku hiyo. Mtoto wa kwetu hulelewa na methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na nyingine isemayo mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Chuoni, alipokuwa akisoma Kurani, alifundishwa kuiogopa riya, yaani kutenda jambo jema ili watu waone. Mtu aliyelelewa hivyo, anapoambiwa aeleze uongozi wake mbele ya watu asiowajua, moyo wake unakataa, na kalamu inatafuta pa kujificha. Pa kujificha ni pawili. Ama atajificha nyuma ya neno “sisi”, ama atajificha nyuma ya sifa za jumla ambazo hazimhusu yeye wala mtu mwingine yeyote, kama vile kusema kwamba ni mchapakazi, ana shauku, ni mbunifu na anapenda kujitolea.

Sitaki kijana wa Pemba aitupe haya yake ili apate skolashipu. Haya ni mali. Ninachomwambia ni kwamba methali ya kizuri chajiuza ilisemwa na watu wanaoishi pamoja, ambao kila mmoja anaona shamba la mwenzake na kujua nani alilima na nani alilala. Katika hali hiyo mtu hana haja ya kujieleza. Msomaji wa maombi yuko London, Bonn au Tokyo, ana mamia ya insha mbele yake, na hajawahi kulitia jicho shamba lako. Kwake yeye, usiposema, hakuna kilichotokea. Kisha, hao hao waliotufundisha kuiogopa riya walitufundisha pia kwamba kuficha ushahidi ni dhambi. Shahidi anayeitwa husema alichokiona, mahali, siku na idadi, bila kuzidisha wala kupunguza, wala hakuna anayemwita mwenye majisifu. Insha ya maombi ni ushahidi unaoutoa juu ya kazi yako mwenyewe. Nilipoielewa hivyo, neno “mimi” likaacha kunichoma.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu bila hiyo maneno haya yatabaki hewani. Ukulima wa mwani wa biashara ulianza Zanzibar mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, kisha ukaenea hadi huku Pemba, na tangu mwanzo wakulima wake wengi wamekuwa wanawake. Mwani hufungwa kwenye kamba, na kila kamba huvutwa kati ya vigingi viwili. Aina zinazolimwa ni mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii hununuliwa kwa bei ya juu zaidi, lakini haivumilii maji ya moto. Joto linapozidi, matawi yake hugeuka meupe, hulegea na kukatika, na mkulima hukuta kamba tupu. Mama yangu aliing’ang’ania kotonii miaka kadhaa baada ya majirani zake wengi kurudi kwenye spinosamu, kwa sababu ada za skuli za wadogo zangu zilitoka humo. Nilikuwa nikimwona akirudi na kikapu chepesi, naye hakuwa na jibu zaidi ya kusema kwamba bahari imebadilika.

Katika insha yangu ya pili nilikuwa nimeiandika hali hiyo yote kwa sentensi moja: “Nina shauku kubwa juu ya mazingira na nimejitolea kwa dhati kuwasaidia wanawake wa kijiji changu kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi.” Isome tena sentensi hiyo, kisha ujiulize kama haiwezi kuandikwa na mtu wa Mwanza, wa Nairobi au wa Manila bila kubadilishwa neno. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Baada ya mazungumzo ya barazani niliifuta, nikaandika hivi:

“Kuanzia Disemba hadi Machi, katika msimu wa kaskazi, kila Jumamosi iliyo karibu na bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, mimi na wanafunzi wangu 6 tulipima joto la maji katika shamba la mama yangu lenye vigingi 180. Tulipima saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, na tena saa saba mchana yakiwa yanajaa. Kwenye kina cha chini ya goti, kipimajoto kilifika nyuzi 34. Upande wa mkondo, umbali wa hatua 200, hakikuvuka nyuzi 30. Kotonii ya upande wa maji machache ilianza kuwa nyeupe ndani ya wiki 3. Nilimshauri mama ahamishe nusu ya kamba zake 90 kwenda upande wa mkondo. Alikubali kuhamisha 15. Kati ya hizo 15, kamba 11 alizivuna zikiwa nzima na 4 zilikuwa nyeupe kama zile za mwanzo, na sababu yake sikuweza kuieleza kwa vifaa na elimu niliyokuwa nayo.”

Aya hiyo haina sifa hata moja. Hakuna mahali niliposema kwamba nina shauku, kwamba ni kiongozi au kwamba ni mtafiti. Msomaji anayaona mwenyewe, na kitu ambacho mtu amekiona mwenyewe hukiamini kuliko alichoambiwa. Tazama pia kwamba sikuficha kwamba mama alikubali kamba 15 peke yake. Kijana mmoja niliyemsomea aya hii aliniuliza kwa nini sikuandika kwamba alihamisha nusu, kwa kuwa hakuna ambaye angekuja Pemba kuhakikisha. Nilimjibu kwamba, mbali ya uongo kuwa uongo, ile idadi ndogo ndiyo inayomwonyesha msomaji kuwa nilikuwa nikishughulika na mtu halisi mwenye hofu zake, ambaye hakuweza kuliweka rehani shamba lake lote kwa maneno ya binti yake. Kumshawishi mtu wa aina hiyo, kidogo kidogo, ni uongozi uliotimia kuliko kuandika kwamba nilikuwa kiranja mkuu.

Sentensi ya mwisho ya aya ile ndiyo iliyoufungua mlango. Kamba 4 ambazo sikuweza kueleza kilichozipata zilikuwa ndizo sababu ya kutaka kusoma. Katika insha nyingi ninazoletewa, kazi iko upande mmoja na kozi iko upande mwingine, na katikati hakuna daraja: mtu anaeleza aliyoyafanya kijijini, kisha ghafla anasema anaomba kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa maendeleo. Kwa nini hiyo? Kwa nini sasa? Daraja hujengwa na swali ulilolifikia ukashindwa kuendelea nalo. Mkunga aliyeona wajawazito wakichelewa kufika hospitali ya wilaya, akaandika kwenye daftari lake kila mmoja alichelewa kwa sababu gani, akafika mahali ambapo hajui namna ya kuzichambua sababu hizo, huyo ana haki ya kuomba kusoma afya ya jamii, na msomaji ataielewa haki hiyo bila kubembelezwa. Ukishalipata swali lako, tafuta kozi ambayo masomo yake yanalijibu, uyataje masomo hayo kwa majina, na ueleze somo lipi linajibu sehemu ipi ya swali. Kusifu chuo kwa ukongwe wake na majengo yake hakumwongezei msomaji lolote, hayo anayajua.

Jambo linalofuata ni kwamba kila mfadhili ana swali lake, na insha moja haiwezi kutumwa kwa wote kwa kubadilishwa jina la nchi. Chevening, ufadhili wa Serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, haombi insha moja ndefu. Huuliza maswali kadhaa yanayojitegemea, juu ya uongozi na ushawishi, juu ya kujenga mahusiano na watu, juu ya sababu za kusoma Uingereza, na juu ya mpango wako wa kazi, na humtaka aliyefadhiliwa arudi nchini kwake kwa muda usiopungua miaka 2. Mtu akiimaliza hadithi yake yote katika swali la kwanza, hubaki akiirudia katika mengine. Mimi ningeligawa shamba la mama: wanafunzi 6 na namna nilivyowaongoza katika swali la uongozi, kina mama wa kikundi, sheha na afisa uvuvi aliyenielekeza namna ya kupima, katika swali la mahusiano, kamba 4 katika swali la masomo. Fulbright ya Marekani, ambayo asili yake ni sheria ya mwaka 1946, hutaka maandishi mawili tofauti, moja juu ya maisha yako na jingine juu ya masomo unayotaka kusoma, na wengi huyachanganya hadi yote mawili yakawa kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili.

Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao mpango wake ulikubaliwa mwaka 1959, huweka uzito mkubwa kwenye manufaa ya masomo yako kwa maendeleo ya nchi yako, kwa hiyo hapo msomaji anataka kuona ni nani atakayefaidika, kwa njia ipi, na utajuaje kuwa amefaidika. Wajerumani wa DAAD, shirika lao la ubadilishanaji wa kitaaluma, katika kozi zao zinazohusu maendeleo, hutaka mwombaji mwenye uzoefu wa kazi usiopungua miaka 2, na barua ya maombi unayowapelekea hupendeza inapounganisha kazi hiyo na kozi bila maneno mengi ya hisia. Kwa Wajapani wa MEXT, yaani wizara yao ya elimu, katika nafasi za utafiti, moyo wa maombi ni mpango wa utafiti, na hapo hadithi ya mama ingechukua mistari 3 tu, sehemu nyingine yote ikawa ni mbinu: utapima nini, wapi, mara ngapi, na utayafanyia nini matokeo. Erasmus Mundus za Umoja wa Ulaya nazo ni kozi zinazoendeshwa na vyuo vya nchi zaidi ya moja kwa pamoja, na wanaosoma barua yako ni walimu wa kozi yenyewe, watu ambao watagundua mara moja kama hukuufungua ukurasa wa kozi yao. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka unaoomba, hata kama mwenzako wa mwaka jana amekwambia kila kitu.

Kuhusu kurudi nyumbani, nina ombi. Msiandike kwamba mtaibadilisha Afrika, wala kwamba baada ya mwaka mmoja wa masomo mtakuwa washauri wa rais. Andikeni mtakaa kwenye kiti gani, katika jengo gani, mkifanya nini katika miezi ya mwanzo. Mimi niliandika kwamba ningerudi kufundisha, kwamba ningeomba kushirikiana na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja, na kwamba matokeo yangu ningeyapeleka kwa maafisa wa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi walioko Pemba, kwa kuwa ndio wanaokwenda pwani kwa wakulima. Ni mpango mdogo ukiutazama kwa haraka, lakini kila hatua yake ilikuwa na mlango ambao ningeweza kuubisha.

Suala la lugha ni zito, na nitalisema kwa uwazi. Insha nyingi dhaifu ninazoziona ni dhaifu kwa sababu mwandishi aliziwaza kwa Kiingereza cha vitabuni tangu neno la kwanza. Kiingereza chetu wengi tumekipata darasani, na kinapotumika kueleza mambo ya moyoni hutuletea maneno makubwa yaliyokwisha ladha. Ninachowashauri vijana ni kuandika rasimu nzima ya kwanza kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha nyumbani, kama mtu anayemhadithia shangazi yake aliyekuwa safarini. Katika Kiswahili hutasema kwamba uliwezesha ushirikishwaji wa wadau. Utasema kwamba uliwaita kina mama 9 chini ya mti wa mkungu baada ya sala ya alasiri na 4 hawakuja. Hiyo sasa ndiyo unayoipeleka kwenye Kiingereza, kwa sentensi fupi na vitenzi vya kawaida. Kiingereza chepesi chenye mambo ndani yake hakijamwangusha mtu.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi insha za kunakiliwa. Mtandaoni zimejaa insha za watu waliofaulu, na siku hizi zipo programu za akili unde zinazoweza kukuandikia insha nzima kwa dakika moja. Kuzisoma insha za wengine ili kuona umbo lake si vibaya, na kuitumia programu kukagua sarufi mahali mfadhili anaporuhusu naona hakuna tatizo. Lakini programu haikuwepo pwani. Haijui kwamba kipimajoto kilikuwa cha maabara ya skuli na kwamba nilikifunga kwa kamba ya mwani ili kisiangukie majini. Itakupa sentensi laini ambayo imeshawapa watu elfu wengine, na wewe uliyefanya kazi ya kweli utaonekana sawa na asiyefanya.

Mambo ya saa na barua niyaseme kwa ufupi. Mfadhili akifunga maombi saa sita mchana kwa saa za Greenwich, kwetu ni saa tisa alasiri, na namjua kijana aliyepoteza mwaka mzima kwa kudhani kuwa siku ya mwisho humalizika usiku wa manane. Umeme unaweza kukatika na mtandao ukazidiwa, kwa hiyo tuma siku 3 kabla. Wanaokuandikia barua za mapendekezo uwaendee mapema, mwezi mzima kabla, na uwapelekee insha yako pamoja na orodha fupi ya kazi mlizofanya pamoja, kwa kuwa barua ya mwalimu mkuu inayosema tu kwamba wewe ni mtu mwenye tabia njema haitakusaidia, hata ikiwa na mhuri.

Jambo la mwisho nililolifanya kabla ya kutuma ni lile ambalo sasa namtaka kila kijana alifanye. Nilikaa na mama jioni, nikamsomea rasimu yangu ya Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza huku akisuka ukili, bila kusema neno, hadi nilipofika kwenye shamba. Nilikuwa nimeandika vigingi 200 na kamba 100, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikilijua shamba lake tangu nilipokuwa mdogo.

“Si 200,” alisema. “Vigingi 20 vilikwenda na mawimbi ya kaskazi, mwanzo wa Disemba. Wewe ulikuwa hujaanza kupima. Vimebaki 180.”

Nikabadilisha idadi, nikaongeza sentensi moja fupi juu ya mawimbi yaliyochukua vile 20, nikatuma. Miezi kadhaa baadaye niliitwa kwenye usaili. Nilikuwa nimejitayarisha kueleza uongozi, mabadiliko ya tabianchi na mipango yangu ya miaka 10. Mmoja wa wajumbe wa jopo, mama mtu mzima mwenye miwani, aliifungua insha yangu, akaniuliza swali la kwanza: vile vigingi 20 vilivyochukuliwa na maji, mama yako alivirejesha vipi? Nikamjibu kwamba hakuvirejesha, kwamba vigingi vyetu hukatwa mikokoni, na mama alikuwa ameacha kukata kwa kuwa mikoko ya upande wetu ilikuwa imepungua, hivyo alipunguza kamba 10 akaendelea na zilizobaki. Akanitaka nimweleze juu ya mikoko hiyo, na sehemu kubwa ya muda wangu ikaenda huko.